Ngumi Niliyoweza Kuizuia

Wanga wa muhogo ukikutana na pasi ya moto hutoa harufu ya uji uliokaribia kuungua, lakini yenye usafi ndani yake. Niliinusa tena mwezi uliopita, nikiwa nimekaa mkekani sebuleni kwa marehemu Mwalimu Hamadi, mjini Moshi, siku ya tatu baada ya mazishi. Mjane wake, Bi Mwanaidi, alikuwa anapanga nguo za marehemu ili zigawiwe. Akafungua sanduku la bati, na kabla sijaona kilichomo pua yangu ilikwisha kujua. Zilikuwa suti nyeupe za karate, za saizi ya watoto, kumi au kumi na mbili, zimekunjwa kwa mistari iliyonyooka.

"Kila mwaka alizifua, akazitia wanga, akazipiga pasi," Bi Mwanaidi alisema. "Nikimuuliza za nini, hajibu."

Wanawake waliokuwepo wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nilitoka nje, nikajifanya napokea simu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Moshi, sina haja ya kuwaeleza homa ya karate ilivyokuwa. Kila mtaa ulikuwa na banda la video, na kila mtoto aliyetoka humo alitafuta kitu cha kukipiga teke. Mama yangu alipoteza ndoo mbili na mlango wa jiko kwa ajili ya homa hiyo. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na mtu asiyependa vitu kuvunjika, ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Alikuwa amesikia kwamba pale watoto wanafundishwa adabu kwanza, mengine baadaye.

Mwalimu Hamadi alikuwa mtu mfupi, mama yake Mpare, baba yake mtu wa Tanga, na karate alijifunza huko Tanga ujanani, kwa nani hakuwahi kusema. Mchana alishona sare za shule. Saa kumi jioni alifunika cherehani, akavua kofia yake ya kushonwa kwa mkono, na ua wa nyuma ya duka ukawa darasa. Suti zetu alizishona mwenyewe kwa kitambaa cha marekani, na zilikuwa mali yake. Sisi tulizivaa tu. Bi Mwanaidi alizitia wanga mpaka zikaweza kusimama zenyewe. Ukirusha ngumi sawasawa, mkono wa suti ulitoa mlio, pa. Ukirusha ovyo, kimya. Tuliupenda mlio ule kuliko wali wa sikukuu.

Zoezi lake kuu alilitoa kwenye kazi yake ya ushonaji. Alikata uzi mweusi, akauning'iniza mbele ya pua ya mmoja wetu, na mwingine akatakiwa arushe ngumi kwa nguvu zake zote. Uzi utikisike kwa upepo wa ngumi, lakini usiguswe. Ukiugusa unarudi nyuma ya foleni. "Kupiga hata punda anaweza," alikuwa akisema. "Mimi namtafuta anayeweza kuacha." Ilinichukua muda mrefu, na nililia zaidi ya mara moja, lakini nilipofika darasa la sita hakuna aliyenifikia pale uani. Niliweza kusimamisha ngumi mbele ya kope za mtu, na mtu mwenyewe asipepese, kwa jinsi alivyoniamini. Naomba mlishike hili, maana baadaye nilijifanya nimelisahau.

Aliyesimama nyuma ya uzi siku zote alikuwa Restituta. Darasa zima tulikuwa watoto kumi na wanne, na wasichana tulikuwa sisi wawili tu. Resti alikuwa binti wa seremala, na kwao ni Mwika, huko mlimani, kama kwetu. Kihamba cha babu yake, yaani shamba la ukoo la migomba, na cha babu yangu vilitenganishwa na mfereji wa maji ambao tuliuruka bila kukimbia. Alinizidi mwaka mmoja na kichwa kimoja cha urefu. Alitaka kuwa askari polisi, na hakulisema kama watoto wengine wanavyosema leo rubani, kesho daktari. Alijua urefu unaotakiwa. Alijua wanapima miguu, masikio na macho. Tukipita mbele ya kituo cha polisi aliacha kupiga soga na kuanza kutembea kwa hatua, nami nilimcheka, na yeye hakujali.

Mwaka ule akaja kijana mmoja kutoka Arusha, tukamwita Kocha Deo. Alikuwa na mkanda mweusi wenye maandishi ya rangi ya dhahabu, na medali ambazo sikuelewa kwa nini alizivaa hata akienda sokoni. Jioni moja alikuja uani kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Hawa watoto wako wazuri sana, Mwalimu. Mwezi ujao kuna mashindano Bomang'ombe. Naomba niwapeleke. Hawa wawili wa kike ndiyo kabisa, medali ni zao."

Mwalimu alikuwa anapindia suruali ya mtu, hakuinua kichwa. "Wakishazipata?"

"Watakuwa wamejipima. Samahani, lakini ngumi isiyopimwa ni ngonjera. Mtoto atajuaje kama anaweza?"

"Mimi namwambia."

"Na siku wewe haupo?"

Hapo Mwalimu aliacha kushona. "Umeuliza vizuri," alisema. "Lakini mkono ukishazoea kupigiwa makofi, unasikiliza makofi tu. Hautanisikiliza mimi, wala hautamsikiliza yule aliyesimama mbele yake. Watoto hawa hawaendi."

Kocha Deo aliaga kwa adabu, akaondoka. Mimi nilibaki na hasira iliyonichoma kifuani. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kitu pekee nilichokiweza vizuri duniani kilikuwa kinaonwa na watoto kumi na watatu na kuku wa Bi Mwanaidi.

Wiki mbili baadaye Mwalimu alituchukua mimi na Resti kwenda Himo kumsaidia kubeba majora ya marekani. Pale sokoni kijana mmoja mlevi, sijui aligongwa na jora au alijigonga mwenyewe, alimgeukia Mwalimu akamzaba kofi. Kofia ikaruka ikaanguka kwenye tope. Watu wakasimama kutazama. Nilisubiri. Nilijua sasa tutaona, na moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Mwalimu aliinama, akaokota kofia, akaikung'uta tope, akamuuliza yule kijana, "Hujaumia mkono, ndugu?" Kijana akabaki ameduwaa, kisha akajiondokea. Watu wakacheka. Nami nilimwonea Mwalimu haya kiasi kwamba nilitembea nyuma yake hatua kumi mpaka kituo cha basi, watu wasijue niko naye.

"Uliona alivyofanya?" Resti aliniuliza.

"Niliona. Amepigwa."

"Alituweka nyuma yake kabla hata ya lile kofi. Mimi alinisukuma kwa kiwiko. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Nilikuwa naitazama kofia. Basi mimi nilielewa nilivyoelewa: Mwalimu Hamadi ni mwoga, hajui kupigana, na anakataa mashindano kwa sababu huko siri yake itatoka. Nililieleza hilo kwa kila mtoto wa pale uani, mmoja mmoja, kwa kunong'ona, na nikaliongezea chumvi ya kutosha. Kabla ya mwezi kwisha, tisa walikuwa wamehamia kwa Kocha Deo. Nyumbani sikuwaambia lolote. Baba alijua jioni bado naenda kwa Mwalimu.

Resti alikataa kuhama. Alisema Mwalimu akikataza jambo ana sababu. Nilimbembeleza siku tatu nzima, hakusikia, mpaka nikapata pa kumshikia. Nilimwambia, "Siku ya usaili polisi watakuuliza una cheti gani cha karate. Utawaonyesha uzi?" Aliwaza usiku mmoja, asubuhi akakubali. Nataka ijulikane kwamba alikwenda Bomang'ombe kwa sababu mimi nilimpeleka.

Ukumbi ulikuwa karibu na soko, na watu walijaa mpaka madirishani. Kulikuwa na joto, vumbi, harufu ya miguu na ya karanga za kukaanga, na kila ngumi ilipotua watu walipiga kelele ambazo sijawahi kusikia zikipigwa kwa ajili ya watoto. Sitadanganya, nilifurahi sana. Nilishinda pambano la kwanza, nikashinda la pili, na mtu mzima nisiyemjua akanishika bega akasema mimi ni moto. Resti naye alishinda yote. Alikuwa anacheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza uani, mrefu, mwepesi, uso umechangamka. Fainali ya wasichana ikatukutanisha sisi wawili.

Sikuwahi kufikiri kwamba Resti anaweza kunishinda. Pale uani yeye ndiye aliyesimama nyuma ya uzi, mimi ndiye niliyerusha. Lakini mbele ya watu wale alikuwa mwingine, na muda ulipokaribia kwisha alikuwa amenizidi alama moja. Ukumbi mzima uliimba jina lake. Mtu yule aliyeniita moto naye alikuwa anaimba Resti. Mwamuzi akapaza sauti, "Yame." Ndilo neno la kusimama, tulilifahamu tangu siku ya kwanza kwa Mwalimu. Resti akashusha mikono, kama tulivyofundishwa, akanitazama, akatabasamu. Nikaliona lile tabasamu kuwa dhihaka.

Nilisikia. Naliandika kwa mara ya kwanza maishani: nililisikia neno lile vizuri kabisa, na wakati huo ngumi ilikuwa bado haijatoka ubavuni kwangu. Ningeweza kuiacha palepale. Ningeweza hata kuitoa na kuisimamisha mbele ya kope zake, jambo nililolifanya jioni nyingi mpaka nikaweza kulifanya nikiwa nasinzia. Sikuisimamisha.

Resti alikaa chini taratibu, mkono kwenye jicho la kushoto, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Hakulia. Alisema tu, "Ndeshi, sioni." Alinitaja mimi kwa jina, katika watu wote waliomkimbilia.

Mwamuzi aliponiuliza, nilisema sikusikia. Nilisema kelele zilikuwa nyingi. Na kwa kuwa kelele zilikuwa nyingi kweli, kila mtu alikubali, hata mwamuzi mwenyewe. Mama mmoja alinikumbatia akanipa soda, akaniambia nisijilaumu, ni mchezo. Nilikunywa soda ile yote.

Hospitalini walijaribu walivyoweza. Jicho lilibaki, halikutolewa, lakini kilichobaki ndani yake ni mwanga na kivuli. Resti alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika ukoo wao hakuna aliyelitaja tena jambo la polisi mbele yake.

Baba alinipeleka Mwika kwa Bibi. Ninyi wa kule mnajua sababu, na wengine niwaeleze: kwetu, mtu aliyemkosea mwenzake kosa kubwa humpelekea jani la isale, ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, limefungwa fundo. Aliyeletewa isale hakatai. Awe amefiwa, awe ameungua nyumba, akiliona jani lile mbele yake anapokea na kusamehe, na jambo halitajwi tena. Bibi alisimama mpakani na kisu mkononi, akanitazama kabla hajakata.

"Umekosa nini? Nataka kusikia kwa kinywa chako."

"Nilimpiga Resti. Sikusikia neno la kusimama."

"Hukusikia?"

"Sikusikia, Bibi."

"Haya. Nitakwenda kuombea hilo ulilosema. Kama kuna jingine, mimi silijui, na jani hili halilijui." Akasubiri, kisu bado mkononi. Kulikuwa na siafu wanapita kwenye mzizi, nikawatazama wale siafu. Bibi akakata jani.

Tulivuka mfereji kwenda kwao Resti, alikoletwa kutoka hospitalini, Bibi mbele na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, Baba nyuma, mimi katikati nimelibeba jani kwa mikono miwili. Mimi katika akili yangu nililielewa isale kama aina fulani ya pigo lisilo na kinga. Ukishalitoa, mwenzako hana cha kufanya. Resti alikuwa amekaa kwenye kigoda, bandeji imezunguka kichwa, baba yake amesimama nyuma yake na mkono begani kwake. Bibi alipiga magoti, pamoja na umri wake na magoti yake mabovu. Akasema tuliyokubaliana.

Resti alinigeuzia lile jicho moja. "Hukusikia, Ndeshi?"

"Sikusikia."

Alinyoosha mkono akapokea jani. Baba yake akasema yamekwisha. Mbege ikanywewa. Na mimi, naona aibu kuliandika, nilijiona nimeshinda. Tulipokuwa tunarudi nilihisi njaa, na nilikula ndizi tatu njiani.

Sasa watu walihitaji wa kumlaumu, maana jicho la mtoto haliendi bure. Kocha Deo alikwisha kurudi Arusha. Jumamosi moja wazazi walikuja uani kwa Mwalimu Hamadi, Baba yangu akiwa mbele yao, nami nikiwa nimesimama kando yake na suti yangu mkononi kwa ajili ya kuirudisha.

"Mzee Hamadi, sisi tulikuletea watoto uwafundishe adabu," Baba alisema. "Umewafundisha kupigana. Tazama sasa."

Mwalimu alitazama nyuso zote, moja baada ya nyingine, akafika kwangu, akapita. Alikuwa na haki ya kusema kwamba alikataza mashindano. Alikuwa na haki ya kusema kwamba watoto walimtoroka, na aliyewatorosha amesimama pale. "Ni kweli," alisema. "Ngumi nilifundisha mimi. Nisameheni. Kuanzia leo darasa nalifunga."

Nilipaswa kufungua kinywa tu. Sentensi moja ingetosha, na Baba alikuwa mtu wa haki, angeomba radhi palepale. Sikufungua. Wazazi walipoondoka nilimpa Mwalimu ile suti, naye akaipokea, akaiweka juu ya cherehani akaanza kuinyoosha mikunjo kwa kiganja. Hakunitazama.

"Ngumi yako naijua mimi," alisema polepole, wengine wasisikie. "Nimeipima kwa uzi miaka mitatu. Inasimama unapotaka isimame."

Nilikimbia mpaka nyumbani, na kwa miaka yote iliyofuata nilipita njia ya mbali ili nisipite dukani kwake. Wateja walipungua; watu hawapendi kupeleka nguo mahali palipotajwa vibaya. Aliendelea kushona sare za shule, na ua ule ukapandwa mchicha.

Mtu mwenye kosa kama langu hutafuta pa kulificha, na mimi nililificha pazuri. Niligeuka mpinzani wa mashindano. Nilipopata binti, Neema, akapenda karate shuleni kwao, nilimruhusu kujifunza na nikamkataza kushindana. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikasema mkono ukishazoea makofi unasikiliza makofi tu. Nilisema mchezo wa kujilinda haufai kugeuzwa mchezo wa kumwangusha mwenzio ili watu wafurahi. Nilisema vizuri sana. Wazazi walinipigia makofi, na mmoja akaniuliza maneno yale nimeyatoa wapi, nikamwambia nilikuwa na mwalimu mzuri. Wala siyakani maneno yale hadi leo. Ila nililala vizuri usiku ule, na sikupaswa kulala.

Siku ile ya sanduku, Bi Mwanaidi alinifuata nje nilikokuwa nimesimama na simu isiyo na mtu.

"Resti alikuja mazikoni. Hukumwona?"

Nilikuwa nimemwona. Nilikuwa nimejificha nyuma ya wanawake wa jirani.

"Mzee alikuwa anapanda Mwika kila mwaka kumsalimia," Bi Mwanaidi alisema. "Hata mwaka jana, na miguu ile mibovu. Nenda kamwone, mwanangu. Mmebaki ninyi wawili."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Resti anaishi kwenye kihamba cha baba yake, ana kahawa kidogo, ana migomba mizuri, na siku za gulio anauza ndizi. Nilimkuta amekaa nje ya jiko anamenya ndizi za mtori, vidole vyeusi kwa utomvu. Ana mvi kunizidi. Hakushtuka kuniona.

"Karibu, Ndeshi. Kaa upande huu," akaonyesha kulia kwake. "Huko ulikosimama sikuoni."

Nilikaa. Tuliulizana habari za watoto, za mvua, za msiba. Kisha nikaona kwamba nikisubiri neno zuri nitasubiri mpaka jua litue, nikasema, "Resti, siku ile nilisikia."

Kisu chake hakikusimama. "Najua."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nakutazama. Siku hiyo nilikuwa na macho mawili." Aliitupa ndizi iliyomenywa kwenye maji. "Nilikuwa nacheka kwa sababu tumemaliza. Nilitaka kukwambia tutoke, joto limezidi."

Yeye aliendelea kumenya.

"Sasa kwa nini ulipokea isale?" nilimuuliza.

"Ningekataaje? Baba amesimama pale, bibi yako yuko chini kwa magoti. Nilipokea kama mlivyoleta. Mlileta la kutosikia. Hilo limekwisha kweli, sina kinyongo nalo. Hili la leo sijawahi kuletewa."

"Na Mwalimu? Bi Mwanaidi amesema alikuwa anakuja."

"Alikuja mara ya kwanza mwaka uleule. Akasema aliyekufundisha kurusha ni yeye, kwa hiyo anaomba radhi kwa sehemu yake. Nikamwambia, Mwalimu, ya kwako nimesamehe. Lakini aliendelea kuja. Kila mwaka, anakaa hapo ulipokaa, anakunywa chai, anaangalia njia. Miaka mingi sikujua anasubiri nini." Akanigeukia ili anione vizuri. "Nafikiri alikuwa anakusubiri wewe."

Nililia, na Resti aliniacha nilie bila kunibembeleza. Nilipotulia akasema, "Nasikia mjini unasimama kwenye mikutano kupinga mashindano."

"Nafikiri Mwalimu alikuwa sahihi."

"Inawezekana. Nilimpenda, na sikuwahi kumbishia. Lakini mimi pale ukumbini, kabla yako, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Mashindano hayakunipiga, Ndeshi. Wewe ndiye uliyenipiga. Mkataze mtoto wako ukitaka, ila usimwambie ni kwa ajili yangu."

Nilimwambia sitafanya hivyo tena. Kisha nikasema nililokwenda kulisema. "Nimekuja kukuomba unisamehe."

Aliitazama mikono yangu, akatazama pembeni nilipoweka mkoba wangu.

"Hukuleta jani."

"Sikuleta."

"Umesahau?"

"Hapana. Nimepita pale mpakani, nimeyaona, nimeyaacha."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, akaifuta mikono yake kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Kwa hiyo naweza kukataa."

"Unaweza."

Kuku walipita kati yetu. Mtoto wa jirani alipita akasema shikamoo, sote wawili tukaitikia marahaba.

"Nakataa," Resti alisema.

Nikamwambia asante. Sikuwa na neno jingine, na hilo lilikuwa la kweli.